Sonona kwa vijana: Anayesinzia darasani ni mvivu au mgonjwa?

Mwanafunzi anasinzia darasani asubuhi. Mwalimu anamwita mvivu, mzazi anailaumu simu. Huenda kila mmoja ana hoja, lakini tukiishia hapo tunaweza kupitwa na dalili ya ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na sonona ni miongoni mwa matatizo makubwa ya rika hilo. Wapo wanaokesha wakiwaza, na wapo wanaolala muda mrefu lakini wakaamka wamechoka. Sonona huvuruga usingizi, na kukosa usingizi kwa muda mrefu nako huongeza hatari ya kupata sonona.

Maumbile nayo yana mchango. Wakati wa kubalehe, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutolewa kwa kuchelewa usiku. Kijana hawezi kuuamuru usingizi uje mapema, ilhali wataalamu wanapendekeza alale saa 8 hadi 10.

Ndiyo maana jimbo la California nchini Marekani lina sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inayozitaka shule nyingi za sekondari ya juu zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Kenya nayo, katika kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015, ilizitengea shule za bweni muda wa kulala kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hata hivyo, katika kuwania alama za mtihani, zipo shule ambazo kengele hulia saa kumi alfajiri.

Tunaona hatari mbili hapo. Ya kwanza ni uchovu wenyewe. Ya pili ni kwamba bweni zima likisinzia, aliye mgonjwa hatambuliki.

Kubadili ratiba hakutibu sonona, lakini kanuni zikifuatwa, itakuwa rahisi kumtambua anayehitaji msaada. Usingizi wa kijana ukibadilika kwa wiki mbili au zaidi, huku akiwa na huzuni au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, asiadhibiwe. Asikilizwe, kisha apelekwe kituo cha afya.