Serikali Si Klabu

Ijumaa tarehe 5 Septemba 2025, Harambee Stars ilifungwa na Gambia mabao 3-1 katika uga wa Kasarani. Niliitazama mechi hiyo katika kibanda cha chai kilicho karibu na chuo, mahali ambapo wahadhiri, makarani, wanafunzi na waendeshaji bodaboda hubanana kwenye mabenchi yale yale bila kuulizana vyeo. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu timu ya wachezaji wa nyumbani itolewe na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robofainali ya CHAN, baada ya kuzilaza Kongo, Morocco na Zambia. Matumaini yalikuwa bado mabichi, na ndiyo maana uchungu ulikuwa mkali.

Mjadala uliofuata ungeyaaibisha makongamano yetu mengi ya kitaaluma. Mmoja alidai kwamba viungo wa kati ndio waliotuponza. Mwenzake akamtaka aeleze ni katika dakika ipi na kwa pasi ipi. Kijana wa bodaboda akakumbusha kwamba mwezi Machi tulitoka sare ya 3-3 na Gambia hao hao, hivyo tundu la ulinzi halikutoboka jana. Mama mwenye kibanda, mkono ungali kwenye birika, akauliza swali lililotunyamazisha sote: hawa vijana hukaa pamoja siku ngapi kabla ya mechi? Hakuna aliyemtetea mchezaji kwa sababu ya jina la baba yake. Aliyekosea alitajwa, aliyefaa alisifiwa, na hoja isiyo na ushahidi ilichekwa hadi mwenyewe akaiacha.

Kisha mtu mmoja akasema kwamba timu hii inafanana na nchi yenyewe. Mwingine akajibu kwa neno moja: "Wantam!" Wa tatu akamrudishia: "Tutam!" Kufumba na kufumbua, kibanda kilikuwa kimegeuka. Wale wale waliokuwa wakidaiana dakika na pasi sasa walidaiana majina ya ukoo. "Wewe ni wa wapi?" ikawa ndiyo hoja, na ndiyo hukumu. Hakuna aliyeuliza rais huyu ametimiza nini na ameshindwa nini, wala wapinzani wake wangefanya nini tofauti. Jamii nzima ya mmoja wetu ilitukanwa mbele yake, naye akalipa chai yake, akaondoka bila kuaga.

Nami nilinyamaza. Aliyetukanwa hakuwa wa kwetu, na aliyetukana alikuwa. Nimeibeba fedheha hiyo tangu siku ile, na makala haya ni sehemu ya kuilipia.

Dai langu ni hili. Wakenya tumebadilisha mahali pa vitu viwili. Ukali ambao raia anapaswa kuielekezea serikali yake, tumeumimina wote juu ya timu ya kandanda. Na mapenzi yasiyo na masharti, ambayo hayamdhuru mtu yakielekezwa kwa klabu, tumewapa wanasiasa. Timu tunaihukumu kwa matokeo. Serikali tunaihukumu kwa nasaba.

Najua mahubiri yatakayonijibu. La kwanza ni kwamba siasa iwekwe kando, kwa kuwa kandanda inatuunganisha. Huu ni usemi mtamu, lakini hauna kiini. Siasa haikuletwa katika kandanda na wale wa kibandani, waliikuta humo. Mwezi Juni 2024, Harambee Stars ilicheza mechi zake za "nyumbani" dhidi ya Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, nchini Malawi, kwa sababu hapa kwetu hapakuwa na uwanja uliokidhi matakwa ya kimataifa. Hali hiyo haikuletwa na beki wala mshambuliaji. Mwaka wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi katika manifesto yake viwanja vitano vya hadhi ya kimataifa. Mwaka wa 2017 tulipokonywa uenyeji wa CHAN ya 2018 kwa kuwa hatukuwa tayari, ukapewa Morocco. Na kabla ya hapo tulikuwa tumeupoteza ule wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996. Shabiki anayeuliza kwa nini timu yake inasafiri hadi ugenini ili icheze nyumbani anauliza juu ya bajeti, zabuni na ahadi za kampeni. Huyo ni raia anayefanya kazi ya uraia, hata kama amevaa jezi.

Wanaotuambia tusilete siasa mchezoni mara nyingi ndio hao hao wanaoketi safu ya mbele timu inaposhinda. Wakati wa CHAN, Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni 1 kwa kila ushindi. Siwaonei kijicho vijana wale. Walistahili kila senti. Ila tuulize: kwa nini malipo ya mchezaji wa taifa yawe zawadi itokayo mkononi mwa mkubwa, badala ya haki iliyoandikwa katika utaratibu unaojulikana kabla ya mechi kuchezwa? Zawadi humfanya mpokeaji kuwa mdeni wa mtoaji, ilhali haki haimfungi kwa yeyote. Na namna hiyo hiyo ndivyo tunavyopewa barabara, hospitali na ufadhili wa masomo: kama hisani, ili tushukuru badala ya kudai.

Hubiri la pili linatoka kwa wasomi wenzangu. Wao husema kwamba mashabiki ndio chimbuko la ukabila, kwa kuwa klabu zetu kongwe zilizaliwa na makabila. Ni kweli kwamba AFC Leopards ilianza mwaka wa 1964 ikiitwa Abaluhya Football Club, na kwamba Gor Mahia iliundwa 1968 kutokana na timu za Waluo. Mwanzoni mwa utawala wa Daniel arap Moi serikali iliamuru majina ya kikabila yafutwe. Abaluhya ikabakiza herufi zake tatu na kuzipa maana mpya, All Footballers Confederation. Luo Union ikawa Re-Union. Majina yakabadilika, lakini ukabila je? Ulihamia pale pale ulikokuwa ukilelewa: katika uteuzi, mikataba na orodha za kura. Serikali iliyafuta majina ya timu na kuacha mazoea yake yenyewe bila kuyagusa.

Tazama klabu hizo zilivyoishi. Mwaka wa 1987, Gor Mahia ilipotoka sare na Espérance ya Tunisia, 2-2 ugenini na 1-1 hapa Nairobi, na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa faida ya mabao ya ugenini, kombe lile lilikuwa la Kenya. Mwaka wa 2015, K'Ogalo ilitwaa ligi bila kushindwa hata mechi moja, ikinolewa na Frank Nuttall, Mskoti, huku Meddie Kagere, aliyezaliwa Uganda na kuichezea Rwanda, akiwa miongoni mwa walioimbwa na mashabiki. Hakuna shabiki aliyeuliza Mskoti yule ni wa ukoo gani wa Nyanza. Waliuliza tu: tunashinda?

Na pambano la Gor Mahia na AFC Leopards tunaliita nani? Mashemeji. Tumelipa upinzani mkali kuliko wote katika soka yetu jina la watu waliooleana. Sisemi kwamba mashabiki ni malaika. Mawe yamerushwa na viti vimeng'olewa, na waliofanya hivyo walistahili adhabu. Lakini kandanda ilimwita mpinzani wake shemeji. Siasa yetu, katika Bonde la Ufa, ilimwita jirani doadoa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hawakuuawa kwa sababu ya mechi.

Basi tuitazame tofauti iliyopo kati ya klabu na serikali. Ingwe haijatwaa ubingwa wa ligi tangu 1998. Wapo vijana wa chuo kikuu waliozaliwa baada ya mwaka huo, wanaoipenda klabu ambayo hawajawahi kuiona ikiwa bingwa. Nawaheshimu. Mapenzi yao hayamgharimu mtu mwingine chochote, kwa kuwa AFC Leopards haikusanyi kodi, haiajiri wauguzi na haiamuru polisi. Ikifungwa Jumapili, Jumatatu dawa haipungui hospitalini. Serikali ikishindwa, mtoto anafia njiani kuelekea zahanati. Mwenye kuipenda klabu katika shida ni mwaminifu. Mwenye kuipenda serikali hivyo hivyo ni mshiriki wa makosa yake.

Tena tumekosea zaidi ya hapo. Shabiki halisi huipenda klabu, si mchezaji. Mchezaji akihamia kwa wapinzani, shabiki husikitika, humtakia heri au humzomea, kisha hubaki pale alipokuwa. Katika siasa zetu hakuna klabu ya kubaki nayo. KANU ilitawala miongo minne na kusinyaa. NARC ya 2002 ilisambaratika kabla ya uchaguzi uliofuata. PNU na Jubilee nazo zilipanda na kushuka. Kinachodumu ni kinara, na kinara akihama, jamii nzima huambiwa ifunge virago. Tarehe 9 Machi 2018, wapinzani wawili wakuu wa uchaguzi wa 2017 walisalimiana kwa mikono mbele ya Harambee House. Tarehe 7 Machi 2025, walioshindania urais mwaka wa 2022 walitia saini mkataba wa kushirikiana. Huenda maridhiano yale yalikuwa na busara yake. Lakini nani alimrudishia maisha yake kijana aliyepigwa risasi akiandamana kwa ajili ya mmoja wao? Fahali walipopigana, nyasi ziliumia. Walipopatana, nyasi hazikuinuka.

Ipo hoja moja nzito dhidi yangu, na sitaikwepa. Mpiga kura atasema: profesa, mimi si mjinga. Nimeona miaka sitini kwamba lami hufuata jina la rais. Namchagua mtu wetu kwa kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na wakubwa wenyewe wamethibitisha fikira hiyo: mwaka wa 2023 Rigathi Gachagua, akiwa Naibu wa Rais, aliilinganisha serikali na kampuni ambayo wenye hisa ndio wanaopaswa kufaidi kwanza.

Naikubali historia hiyo, ila sikubali hitimisho lake. Zimwi likujualo bado linakula. Hata kwa kipimo cha ubinafsi mtupu, mwenye hisa huhudhuria mkutano wa mwaka na kudai hesabu. Sisi tunaambiwa tuna hisa, lakini gawio hatulioni, na tukiuliza tunaitwa wasaliti wa jamii. Shabiki wa Ingwe hamwachi kocha mahali pake kwa sababu ni Mluhya. Akipoteza mechi tano mfululizo, anafukuzwa, naye shabiki bado ni shabiki. Kwa nini mtu wetu serikalini apimwe kwa kipimo chepesi kuliko kocha wa klabu?

Wanafunzi wangu, ninyi mmeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwezi Juni 2024 mliingia barabarani mkisema hamna kabila, hamna kiongozi, hamna chama. Mliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kama vile wa kibandani wanavyoisoma mechi dakika kwa dakika, na mswada ule ukaondolewa. Wenzenu waliuawa. Tangu hapo nimewasikia baadhi yenu, katika korido hizi hizi, mkirudi kuulizana majina ya ukoo. Wanaharakati, msidhani kauli mbiu ya neno moja inatosha. "Wantam" bila hesabu ya kilichoharibika, na "Tutam" bila hesabu ya kilichojengwa, ni kelele za jukwaani tu.

Nanyi watumishi wa umma, ninyi ndio mnaochagua kikosi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kila anayeketi katika jopo la kuajiri anajua idadi ya ofisi yake. Wala sitaisamehe nyumba yangu mwenyewe. Mwaka wa 2016, viongozi wa kisiasa waliandamana mjini Eldoret kupinga kaimu naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Moi kwa kuwa hakuwa mtu wa pale. Ni wangapi kati yetu wahadhiri tuliopaza sauti? Timu ya taifa ingechaguliwa kwa utaratibu huo, tungeichoma moto jezi. Chuo kikachaguliwa hivyo, nasi tukaendelea kufundisha falsafa.

Mwaka wa 2027 tutapiga kura, na mwaka huo huo ndio uliopewa Kombe la Mataifa ya Afrika ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zitaliandaa kwa pamoja. Tutasikia mengi juu ya umoja, na bendera zitauzwa kila kona. Mimi siombi umoja wa bendera. Naomba maswali ya kibandani yavuke barabara na kuingia katika kaunti, wizara na Bunge: nani alikuchagua, kwa kigezo gani? Ulipewa kiasi gani, na kiko wapi? Umefunga mangapi, na tumefungwa mangapi?

Juma lililofuata nilirudi kibandani. Yule aliyeondoka bila kuaga hakuwapo, na mama akaniambia hajaonekana tangu siku ile. Hoja yake juu ya ulinzi wa Stars, iliyokatizwa na matusi, ilikuwa bora kuliko zetu zote. Sijui jina lake la ukoo wala sitaki kulijua. Nataka arudi aimalize hoja yake, na safari hii akitukanwa, sitanyamaza.