Mtoto Anamimina Maharage: Je, Ada Inapotea Bure?



Jumapili moja ya utume wetu parokiani, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitusubiri nje ya sakristia. Alikuwa amemshika mkono mwanawe wa miaka minne. "Mafrateri," alisema, "ninyi mnasoma sana, nisaidieni. Huyu yuko chekechea ya Montessori kwa masista, muhula wa pili sasa. Mtoto wa jirani yangu yuko shule nyingine, anaandika moja mpaka hamsini, daftari limejaa vema. Wangu hata daftari hana. Nikimwuliza leo mmefanya nini, ananiambia amemimina maharage. Maharage! Si angemimina nyumbani bure?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Kisha tukamjibu kwa maneno makubwa: uhuru wa mtoto, hadhi ya binadamu, makuzi ya mtu mzima. Alitushukuru kwa heshima, akaondoka. Muhula uliofuata mtoto alihamishwa.

Jioni tuliposikia habari hiyo tuliulizana, na ikabainika kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa ndani ya darasa la Montessori. Tulikuwa tumetetea tusichokijua. Basi tukamwomba sista mwalimu ruhusa, tukakaa asubuhi kadhaa nyuma ya darasa lake, tukasoma, na tukawasikiliza wazazi wengine. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa yule mama. Na tukiri mapema: katika mambo mawili, mama alikuwa na haki kuliko sisi.

Tuanze na jina lenyewe. Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870. Alikuwa Mkatoliki, na alihitimu udaktari wa tiba mjini Roma mwaka 1896, wakati ambapo wanawake madaktari walikuwa wachache mno nchini mwake. Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Haukuwa mtaa wa matajiri. Wazazi walikuwa vibarua waliotoka asubuhi na kurudi jioni, na watoto walibaki peke yao wakiharibu kuta na ngazi za majengo. Wenye majengo walitaka mtu wa kuwatunza. Huko, kwa watoto ambao hakuna aliyewatarajia mengi, daktari huyu aliona jambo lililomshangaza: mtoto akipewa kifaa kinachomfaa na akaachwa afanye kazi yake bila kukatizwa, hutulia, hurudia, na hujifunza kwa furaha.

Sasa turudi kwenye maharage. Mtoto anayemimina maharage kutoka jagi moja hadi jingine anafanya kazi nne kwa pamoja. Vidole vitatu vinavyoshika mpini wa jagi ni vilevile vitakavyoshika penseli. Jicho linaupima mkono. Akili inajifunza kwamba kazi ina mwanzo, katikati na mwisho. Na punje zikimwagika, hakuna anayempigia kelele: anaziokota mwenyewe, anarudisha jagi kwenye rafu ili mwenzake alikute mahali pake. Tulimwona mtoto mmoja akirudia zoezi hilo mara saba. Sisi wenyewe tungefurahi kuwa na umakini huo katika tafakari ya asubuhi.

Baada ya hapo zinakuja herufi zilizokatwa kwenye msasa na kubandikwa juu ya ubao. Mtoto anapitisha vidole juu yake huku akitamka sauti, hivyo mkono unaijua herufi kabla ya daftari kufika. Zinakuja pia shanga: moja peke yake, kumi kwenye waya, mia iliyofungwa kuwa mraba, elfu iliyofungwa kuwa mchemraba. Mtoto wa miaka mitano anaibeba elfu mikononi na kuona ni nzito kuliko mia. Yule wa jirani anayeandika moja mpaka hamsini huenda anajua kuandika alama. Swali la kumwuliza ni hili: akiambiwa alete vijiti kumi na saba, ataleta vingapi?

Katika falsafa tunafundishwa kwamba ujuzi wa binadamu huanzia kwenye milango ya fahamu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika maswali yake juu ya ukweli, anamlinganisha mwalimu na tabibu. Tabibu haimimini afya ndani ya mgonjwa kama maji mtungini. Anaisaidia nguvu ya kupona iliyomo tayari katika maumbile yake. Vivyo hivyo mwalimu anaiamsha akili ambayo Mungu ameshaiweka. Tulikuwa tumelisoma fundisho hilo kwa ajili ya mtihani. Tulilielewa pale tulipomwona sista amepiga magoti kando ya mkeka, amenyamaza, mikono nyuma, akimsubiri mtoto agundue kosa lake mwenyewe.

Wala jambo hili si geni kwetu. Bibi zetu hawakumpa mtoto wa miaka minne ndoo ya lita ishirini. Walimtafutia kidumu chake kidogo, wakaenda naye kisimani, na akirudi na maji nusu walimshukuru. Kila mmoja wetu aliyekulia kijijini aliwahi kuwa na kijembe cha saizi yake. Methali ya samaki mkunje angali mbichi mara nyingi tunaitumia kuhalalisha haraka na fimbo. Lakini methali inazungumzia wakati wa kukunja. Haisemi tumvunje samaki.

Hayo ndiyo tungemwambia mama. Sasa tuseme alipokuwa na haki.

Kwanza, hakuna aliyemweleza. Alilipa ada, alinunua sare, lakini tangu mtoto aanze hakuitwa hata mara moja kuona darasa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mlezi mkuu hawezi kuachwa getini. Asipoonyeshwa maana ya jagi la maharage, atapima kwa kipimo pekee alichonacho, yaani daftari.

Pili, hofu yake ina msingi. Mtoto huyu atatoka kwenye darasa la utulivu na kuingia darasa la kwanza lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja. Shule nyingine zinafanya usaili na kumtaka aandike na kusoma papo hapo. Mzazi anayeyafikiria hayo hana ujinga wowote, anaangalia mbele. Chekechea inayojiamini inapaswa kumjibu kwa uwazi: mtoto wako atafikia lini kusoma, atafikiaje kuandika, na mwaka wa mwisho tunamwandaaje kwa darasa kubwa.

Kuna jambo la tatu ambalo mama hakulitaja, ila tumelisikia kwa wengine. Neno Montessori limekuwa kibao cha biashara. Jina hilo halimilikiwi na mtu mmoja, kwa hiyo yeyote anaweza kuliandika ukutani, akapaka rangi za katuni, akapandisha ada na kuendelea kukaririsha watoto kwa fimbo. Hivyo tunawasihi wazazi: msichague kwa kibao, wala kwa sare, wala kwa wimbo wa Kiingereza. Ombeni kukaa darasani asubuhi moja. Tazameni kama vifaa viko kwenye rafu fupi ambazo mtoto anazifikia, au vimefungiwa kabatini kusubiri wageni. Tazameni kama watoto wa miaka mitatu hadi sita wamechanganyika, mkubwa akimsaidia mdogo. Sikilizeni sauti ya mwalimu. Angalieni kama kuna fimbo. Na mwulizeni amesomea wapi. Hapa Tanzania walimu wa Montessori wanaandaliwa katika vyuo vinavyojulikana, kama vile cha Msimbazi, Dar es Salaam, na cha Lushoto, mkoani Tanga. Mwalimu wa kweli hataudhika kuulizwa.

Tumalize na linalotuuma zaidi. Kazi iliyoanza kwa watoto wa vibarua wa San Lorenzo, leo katika maeneo mengi inawahudumia wenye uwezo. Tumeona mtoto wa mama lishe akichungulia dirishani wakati wenzake wanakunja mikeka. Tunajua masista wanalipa walimu, wananunua uji, wanatengeneza paa. Ada haitoki hewani. Lakini je, jumuiya zetu ndogondogo haziwezi kumsomesha mtoto mmoja mmoja? Msasa unapatikana kwa fundi seremala. Mbegu, vibuyu, vikapu, shanga na mikeka vimejaa sokoni kwetu. Waparokia wenye ufundi wakijitolea, gharama ya vifaa itapungua, na nafasi chache zitapatikana kwa watoto wasio na ada.

Nasi mafrateri tunajiwekea deni. Wengi wetu, Mungu akipenda, tutakuwa maparoko wenye chekechea uani. Tusingoje kupewa funguo za ofisi ndipo tuulize shule ile inafanya nini. Katika utume wetu, tuingie madarasani tukakae kwenye mikeka kabla ya kupanda jukwaani siku ya mahafali. Maria Montessori mwenyewe alipokuwa Barcelona aliwaona watoto wakipanda ngano na mizabibu ili mazao yao yawe mkate na divai vya altareni. Mtoto aliyejifunza kumimina bila kumwaga yuko karibu na fumbo hilo kuliko tunavyodhani.

Yule mama bado anasali parokiani hapo. Tutakaporudi tutamwomba msamaha kwa kicheko chetu. Kisha, sista akiruhusu, tutamwalika aje na mwanawe akae nasi nyuma ya darasa asubuhi moja. Baada ya hapo aamue mwenyewe. Yeye ndiye mzazi.