Nani Alishika Kikombe? Dhidi ya Msafiri wa Peke Yake

Nina ugomvi na kiambishi ni-. Si kila mahali, la. Kwenye barua ya mapenzi kikae, kwenye maombi ya kazi kikae. Ugomvi wangu ni pale kinapopanda gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, gari ambalo watu wawili wamelilipia na wawili wamelala humo, halafu kikashuka kitabuni peke yake: nilisafiri, nilipika, nilitazama jua likizama. Fasihi ya safari imejaa ulaghai huu, na sisi wasomaji tunaupigia makofi. Tunauita eti upweke wa msafiri.

Chukua mfano mkubwa. Septemba 1960 John Steinbeck aliondoka kwake Sag Harbor, jimbo la New York, na pikapu aliyoiagiza ikiwa na chumba mgongoni: kitanda, jiko, jokofu, meza. Akaipa jina Rocinante, farasi wa Don Quixote. Akampakia mbwa wake, wakaenda kuizunguka Marekani. Travels with Charley kikatoka 1962, mwaka uleule aliopewa Nobel, na hadi leo ukimuuliza mtu akutajie kitabu cha gari-nyumba, hicho kitakuwa kati ya vya kwanza. Mwanamume, mbwa, barabara.

Ila mwaka 2010 mwandishi wa habari Bill Steigerwald aliifuata njia ileile, akasoma pia muswada wa kwanza uliohifadhiwa Maktaba ya Morgan, New York. Akakuta bwana mkubwa hakuwa mpweke hivyo. Kwa hesabu yake, safari ilichukua kama siku 75, na kwa siku kama 45 Steinbeck alikuwa na mkewe Elaine, mara nyingi wakilala hotelini. Pwani ya magharibi waliteremka wote wawili, kutoka Seattle hadi California. Muswadani Elaine yumo kwenye safari hiyo ya magharibi. Kitabuni, kwenye sehemu hiyohiyo, hayumo.

Najua mtaniambia: dada, yule alikuwa mtunzi wa riwaya, mwache atunge. Hata toleo la Penguin la kutimiza miaka 50 liliweka tahadhari ya namna hiyo kwenye utangulizi. Sawa, atunge. Abuni mvua, abuni wazee wa vijijini wenye maneno ya hekima, mimi sina shida. Nauliza mkasi ulipita wapi. Ulipopita, mke alikatwa na mbwa akabaki. Na kichekesho ni lile jina la gari. Cervantes mwenyewe alimtoa Don Quixote peke yake mara ya kwanza. Sura chache tu, jamaa akarudishwa nyumbani akiwa kapigwa vibaya, ndipo akatafutiwa Sancho Panza na hadithi ikaanza kwenda. Steinbeck akachukua farasi, Sancho akamwacha hukohuko Hispania.

Sasa niseme yangu, maana hasira hii sikuitoa maktabani tu.

Mwezi wa tano mimi na mume wangu tulitoka na gari-nyumba letu kwa mara ya kwanza, Ijumaa hadi Jumapili. Lina miaka 9, lakini kwetu ni jipya. Tukatoka Newcastle jioni, tukashika A1 kwenda kaskazini, kwenye kambi moja upande wa Bamburgh, pwani ya Bahari ya Kaskazini. Vitabu vya magari haya nimevisoma vingi. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuniambia habari za droo. Kwenye kipilefti cha pili droo ya vijiko ilifunguka yenyewe ikarudi, ikafunguka ikarudi, na kuanzia hapo tulisafiri na kelele kama za jikoni kwenye shughuli.

Ndani ya gari la mita 6 hakuna kupishana. Mmoja akitaka kufika kwenye sinki, mwenzake lazima akae kitako. Jokofu lina vyakula vyake vitatu: mkiwa barabarani linakula betri, mkisimama linakula gesi, mkichomeka waya kambini linakula umeme, na lazima awepo mtu wa kukumbuka kuligeuza. Gari likiegeshwa pasipo usawa mtalala miguu juu vichwa chini, kwa hiyo mmoja anaweka kabari chini ya matairi na mwingine analipandisha taratibu huku akisikiliza, "Njoo, njoo, njoo... basi!" Kambi nzima ilikuwa ikipiga kelele hiyo, kila watu kwa lugha yao. Nilijisikia nipo stendi ya Ubungo ya zamani. Halafu meza hugeuka kuwa kitanda, na kitanda hakitandikiki mpaka mmoja atoke nje. Usiku ule kulinyesha. Aliyetoka nje ni yeye, na sikumwonea huruma sana.

Mnauliza kwa nini? Usukani niliushika mimi njia nzima. Yeye alikuwa anarekodi. Jumamosi asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ikaingia video ya dakika 4: barabara, ngome ya Bamburgh, mawimbi, kikombe cha chai kinachofuka. Chini yake kaandika, "Nimefika baharini, wadau." Nimefika! Mdogo wake akajibu hapohapo, "Hongera kaka, unakula maisha peke yako."

Nikamuuliza, "Baba watoto, hivi mimi niko wapi hapa?"

Akacheka. "Si huo mkono wako, ulioshika kikombe?"

Kweli bwana, mkono ulikuwepo.

Lakini angalieni jambo jingine, maana ndilo linaloniudhi zaidi kama msomaji. Hata yeye mwenyewe hayumo. Yule aliyesimama mvuani akisubiri kitanda kitandikwe, hayumo. Jumapili alichomoa kasha la choo, akaliburuta kwa magurudumu yake mpaka pale pa kumwagia, wazungu wakimwangalia, akalisuuza mara tatu na hakunung'unika hata kidogo. Katika siku zote tatu, hapo ndipo nilipompenda zaidi. Video haina habari hiyo. Msafiri wa peke yake anawafuta wenzake, halafu akiendelea kupangusa anajifuta na yeye, anabaki jamaa fulani asiyekula wala asiyekwenda haja, anayetazama mawimbi tu. Huyo ndiye tunayeambiwa tumsome kurasa 300.

Kiswahili kinarahisisha kumkamata mwizi. Kitenzi chetu hakitembei bila mtu wake. Useme ni-, useme tu-, useme a-, lakini useme. Ndiyo maana mwandishi mwenye jambo la kuficha hukimbilia -wa: hema likasimamishwa, chai ikachemshwa, vyombo vikaoshwa. Na nani? Ukikutana na -wa tatu mfululizo kwenye kitabu cha safari, jua kuna mtu amesimama nyuma ya gari na ndoo. Na tu- nayo isijione malaika. "Tulipika wali" inaweza kumaanisha mmoja alipika na mwingine alinusa. Wanaosafiri peke yao kikweli, na wapo, wanawake kwa wanaume, siwagusi. Ni- yao wameilipia.

Kwetu mambo haya yaliwahi kuandikwa kwa namna nyingine. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli, na humo yumo Salim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia miaka ya 1890 akiwa mtumishi wa Mjerumani aitwaye Bumiller. Kwa desturi ya vitabu vya wapelelezi, Salim alipaswa kuwa mkono ulioshika kikombe. Badala yake kalamu kaishika yeye, na bwana wake kawa mhusika ndani ya hadithi ya mtumishi. (Ndiyo, kitabu kilitolewa na Mjerumani mwingine, na hilo lina mjadala wake mrefu.) Zaidi ya miaka 120 baadaye, mimi bado nangoja kusoma safari ya lori kutoka Dar hadi Lubumbashi iliyoandikwa na utingo. Madereva wanatungiwa nyimbo. Utingo ndiye anayejua gari lililala wapi na nani alikwenda kutafuta maji.

Na anayesema kazi za jikoni na vyoo haziwezi kubeba kitabu, nampa Julio Cortázar na Carol Dunlop. Mei 1982 mume na mke hawa waliingia barabara kuu ya Paris hadi Marseille na Volkswagen nyekundu waliyoiita Fafner, jina la joka katika opera ya Wagner. Ni kilomita kama 800, safari ya siku moja. Wao walichukua siku 33, kwa masharti mawili: wasitoke kabisa kwenye barabara ile, na kila siku wafike vituo viwili vya kupumzikia, cha pili walale. Waliandika walichokula asubuhi, mchana na usiku. Waliandika gari limeelekea upande gani. Walipigana picha, huyu kamshika yule kwenye kiti chake, yule kamshika huyu kwenye mashine ya kuandikia. Hakuna linalotokea humo, na sijasoma kitabu cha barabara chenye watu hai kuliko hicho.

Dunlop alifariki Novemba mwaka huohuo, kabla kitabu hakijatoka. Cortázar alibaki kukikamilisha peke yake, akiwa mgonjwa na yeye. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuandika ni- kwenye kila ukurasa, ni huyo. Kikatoka 1983, na jaladani mna majina mawili.