Tusibaki Vitini

Kama umewahi kupanda basi la kutoka Garissa kwenda Nairobi, unajua mambo yanavyokuwa kwenye kizuizi cha polisi. Askari anaingia, anatazama nyuso kabla hajatazama vitambulisho, halafu anateremsha abiria. Wanaoteremshwa wengi wao ni Wasomali, Wakenya wenzetu. Sisi wengine tunabaki vitini, tunachezea simu na kunung'unika kwamba tunacheleweshwa. Ajabu ni kwamba lawama ya kuchelewa hatumtupii aliyetoa amri, tunamtupia aliyeteremshwa.

Kwenye manung'uniko yale ndiko ninakotaka tujitazame leo. Polisi wana bunduki na magari, lakini ruhusa ya kumtenga jirani wanaipata kwetu.

Mtakumbuka Aprili 2014. Baada ya milipuko ya Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, serikali ilianza msako iliouita Usalama Watch. Maelfu ya watu walizolewa majumbani, na wengi wakafungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wapo waliokaa siku nyingi bila kumwona hakimu, na wapo waliotoka kwa kutoa kitu kidogo. Nani aliandamana? Tulisikiliza habari, tukasema afadhali, tukala chakula cha jioni. Kuna wenye nyumba waliowafukuza wapangaji, na kuna waliopiga simu kituoni kwa sababu tu jirani ana wageni wengi na haongei Kiswahili cha kwao.

Hofu ilikuwepo, na ilikuwa ya kweli. Watu 67 waliuawa na magaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mnamo Septemba 2013, na aliyefiwa siku ile hana haja ya kuhubiriwa na mtu kama mimi. Lakini hata kwa hesabu ya usalama mtupu, msako ule haukutulinda. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2015, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Anayekamata watu kwa sura zao anawafukuza wale wale ambao wangemnong'onezea habari.

Wala kutengwa huku si jambo la juzi. Kaskazini ya Kenya, wanakoishi Wasomali wengi, iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya 1960 hadi 1991, na mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangishwa foleni kuhakikiwa uraia wao na kupewa kadi ya pekee. Wengine tulikuwa nchi hiyo hiyo, na maisha yakaendelea.

Sasa nirudi kwenye basi. Novemba 2014, karibu na Mandera, magaidi waliwatenga abiria kwa dini na kuwaua 28. Desemba 2015 wakasimamisha basi jingine karibu na El Wak, wakadai Waislamu na Wakristo watengane. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Waliwaficha wenzao, na inasemekana kina mama waliwavika mitandio wale wasiokuwa nayo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari 2016. Simlinganishi askari na gaidi, msinielewe vibaya. Ninachosema ni kwamba abiria wale walikataa kutengana wakiwa wameelekezewa bunduki, na sisi tunakubali kutenganishwa huku tukila njugu.

Na ole wetu tukidhani haituhusu. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 wengi tuliipokea kama sheria ya watu wa Eastleigh na Pwani. Mwaka 2025, baadhi ya vijana waliokamatwa baada ya maandamano walifunguliwa mashtaka kwa sheria hiyo hiyo, na wazazi wao wakashangaa imefikaje huko.

Kwa hiyo nakuombeni, wenzangu. Kabla hujapiga simu kituoni, jiulize umeona kitendo au umeona sura. Ukiwa mwenye nyumba, mpangaji aliyelipa kodi abaki. Kama umeshuhudia mtu akionewa, andika mahali, saa na namba ya gari, upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi. Huhitaji kuwa ndugu wa aliyeonewa. Mbunge akija kuomba kura, muulize aliunga mkono sheria zipi za usalama.

Na basi likisimamishwa tena, shuka na mwenzako. Simama karibu naye, umuulize afande kwa heshima anamshuku kwa kosa gani, na usirudi kitini mpaka naye arudi.