Matawi Barabarani Hayang'ai Usiku

Msafiri wa usiku kutoka Webuye kuja Kitale huijua lugha moja isiyofunzwa katika chuo chochote. Akiyaona matawi mabichi yametandazwa juu ya lami, hupunguza mwendo papo hapo, kwa maana matawi hayo yanamwambia kuwa mbele kuna gari bovu. Hakuna bunge lililoyatungia sheria, wala mwalimu aliyeyafundisha, lakini dereva aendaye Lodwar na yule aendaye Malaba huyaelewa vivyo hivyo. Sisi tusomeshao isimu huiita hiyo ishara iliyokubaliwa na jamii nzima. Kasoro yake ni moja tu: majani hayang'ai.

Msomaji na aitazame hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Taa zikiinamishwa ili zisimpofushe anayekuja, humulika kiasi cha mita 50 hivi, na gari hilo huhitaji mita kama hizo kusimama, barabara ikiwa kavu na breki nzima. Anayelitambua tawi kwa taa hizo ameshachelewa. Utepe mwekundu na wa manjano tuuonao nyuma ya malori huiondoa shida hiyo pasipo betri wala waya. Chembe ndogo zilizomo ndani yake huurudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani machoni pa dereva anayekuja nyuma, naye hulitambua lori angali mbali. Kanuni namba 104 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika 1998, inaeleza rangi na ubora wa tepe hizo. Katika gereji za Kitale hutamsikia mtu akisema "kiakisi". Huko ni "rifulekta", nami sioni haja ya kugombana nao. Ninalogombea ni utepe wenyewe, maana zipo pia zenye rangi tupu, za kumridhisha mkaguzi mchana, ambazo usiku hazina nuru.

Serikali haikosi bidii, ila bidii yake huangukia upande mmoja. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi lililotoka Busia liligongana na lori pale Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu 36 wakafa. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, ilipiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria, kisha marufuku hiyo ikaondolewa mwaka uliofuata. Katika muda huo mwenye abiria alifungiwa nyumbani, ilhali mwenye shehena, hata yule ambaye trela yake haikuwa na taa hata moja, aliachiwa barabara yote.

Kwetu huku balaa kubwa zaidi si lori bali trekta. Tangu kiwanda cha Nzoia kianze kusaga miwa mwishoni mwa miaka ya 1970, matrela ya miwa yamekuwa sehemu ya barabara za Bungoma. Viwanda husaga usiku na mchana, kwa hiyo miwa nayo husafirishwa usiku. Mzigo huning'inia nyuma ukafunika taa, kama taa zipo. Jirani yangu wa Tuwan, ambaye ni utingo wa trekta ya namna hiyo, alinieleza kuwa trela yao haijawahi kuwa na utepe, na kwamba polisi wakiwasimamisha huulizia mambo mengine. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haijamruhusu yeyote kutembea gizani pasipo kuonekana. Aliyekosekana ni wa kuisimamia saa nane za usiku pale Kamukuywa au Misikhu.

Naona yupo, ila hatumtumii. Kila trela ya miwa, ya tajiri na ya maskini, hupita juu ya mizani ya kiwanda kabla ya kushusha. Karani wa mizani huandika namba ya trela na uzito wake. Aongezewe jukumu moja tu: trela isiyo na utepe halali nyuma na ubavuni, na mahali pasipofunikwa na miwa, isipimwe. Askari mmoja barabarani anaweza kukwepwa kwa njia ya panya; mizani haikwepeki, kwa kuwa ndiko pesa zinakotoka.

Watasema gharama itamwangukia mkulima. Hofu hiyo si ya bure, kwani malipo ya usafirishaji hukatwa katika fedha za miwa yake, na makato ya mkulima ni mengi mno tayari. Madhali anayefaidika na safari hiyo ni mwenye trekta, utepe na ununuliwe naye, na mkataba wa usafirishaji utamke wazi kwamba haukatwi kwa mkulima.

Nilipomweleza jirani yangu wazo hili alicheka, akaniuliza karani atakayerudisha miwa iliyokwisha katwa atalala wapi siku hiyo. Usiku ule ule alikwenda kazini. Panga lake la kukatia matawi lilikuwa chini ya kiti cha trekta, mahali linapokaa siku zote.