Utalii wa Baiskeli Usigeuke Butura

Hakuna mkulima wa Karagwe wala Kyerwa asiyeijua butura. Ni ule mtindo wa mlanguzi kumwendea mkulima wakati wa shida na kuinunua kahawa ingali ua au tunda bichi mtini, kwa bei ya kutupa. Msimu ukiwadia, jasho huwa la mkulima na mavuno huwa ya mlanguzi.

Wananchi wa wilaya hizo hawana budi kufumbua macho, kwani butura ya pili yaweza kuja kwa magurudumu mawili. Tangu mwaka 2019 zipo huko Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Mgeni anayekwenda kutazama wanyama hupita katikati ya migomba na mibuni, na kuizunguka mashamba hayo kwa baiskeli ni wazo jema. Swali ni moja tu: faida itakuwa ya nani?

Watakuwapo wa kudai kwamba pasipo mizabibu hapana cha kuonyesha. Hiyo ni kasumba. Huko Alsace, Ufaransa, Njia ya Mvinyo ilifunguliwa mwaka 1953. Mtalii wa baiskeli huteremka mlangoni pa mkulima, akaonja mvinyo na kununua chupa papo hapo. Fedha huingia mkononi mwa aliyelima. Je, rubisi, itokanayo na ndizi zilizoivishwa shimoni, zikakamuliwa kwa miguu pamoja na nyasi, kisha zikachachushwa kwa mtama uliokaangwa, ina aibu gani mbele ya zabibu? Na kahawa ya kutafuna, ambayo wazee wa Kagera walimkaribishia mgeni kabla mkoloni hajafika, imepungukiwa na nini?

Hatari haiko kwa mgeni. Iko kwa dalali atakayekaa mjini, akapokea malipo, akampitisha mgeni katika migomba ya watu, na kumwachia mkulima vumbi. Katika vilima vya barabara ya Omurushaka kwenda Murongo, baiskeli ni chombo cha kazi: mwananchi huisukuma mlimani ikiwa imeelemewa na mikungu ya ndizi. Itakuwa dhuluma iliyoje ikiwa baiskeli ya pili, iliyobeba kamera, itapanda kilima hicho hicho kwa ajili ya kumtazama mtu huyo akitoka jasho, naye asiambulie hata senti!

Dawa haiko mbali. Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo hukusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kupitia chama kikuu, KDCU, vinaweza pia kupokea wageni. Mikutano ya vijiji ipange ada na kuitangaza hadharani. Viongozi wa safari wawe vijana wa vijiji hivyo, na fundi wa baiskeli awe wa hapo hapo. Kahawa ikaangwe, itwangwe na kuuzwa nyumbani kwa aliyeivuna. Na yeyote ajaye na mkataba wa haraka, mwenye fedha kidogo mkononi na ahadi nyingi mdomoni, aulizwe kwanza tofauti yake na mnunuzi wa butura.

Ua la kahawa limeuzwa vya kutosha. Safari hii mkulima angoje tunda liive, kisha alichume mwenyewe.