Sanamu za Nyumba za Watu Tuziache



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wa Jinja na Mbale. Kuna maneno tunayasikia mara kwa mara hapa Walukuba. Ati zile nyumba za zamani za Wahindi mjini Jinja, zilizoandikwa juu mwaka wa kujengwa na jina la mwenyewe, penye sanamu au alama ya dini ya Kihindu basi Mwislamu aliyepanga duka achukue patasi aiondoe. Hoja yao ni Makka: je, Mtume (s.a.w.) hakuvunja masanamu ya Al-Kaaba mwaka wa 8 Hijria (630)?

Aliyavunja, naam. Lakini Al-Kaaba ni nyumba aliyoijenga Nabii Ibrahim (a.s.) kwa ajili ya tawhidi, na masanamu yale yalikuwa yakiabudiwa. Duka la mjini ni MALI YA MTU. Wahindi walifukuzwa mwaka 1972 kwa muda wa siku 90, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wenzetu. Wengi walirudishiwa majumba yao miaka ya 1990. Leo mpangaji aje agonge ukuta wa mwenye nyumba kwa nyundo? Hiyo si jihadi, ni dhulma.

Sayyidna Umar (r.a.) alipoingia Baitul Muqaddas aliwapa Wakristo amani ya makanisa na misalaba yao. Maswahaba waliifungua Misri, na masanamu ya Mafirauni yapo hadi leo. Surat Al-An'am aya ya 108 inatukataza hata kuvitukana wanavyoviabudu wengine, wasije wakamtukana Allah kwa ujinga. Na Taliban walipotaka kuvunja masanamu ya Bamiyan mwaka 2001, Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC), ileile iliyotuanzishia Chuo Kikuu cha Kiislamu (IUIU) pale Mbale mwaka 1988, ilituma wanazuoni kuwazuia, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi. Hawakusikilizwa.

Tena ajabu! Hao hao wenye patasi, wakijenga nyumba mpya, huweka simba wawili wa saruji juu ya nguzo za geti. Wengine huongeza na tai. Watoto wao tunawasomesha hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye sanamu. Mtoto akiuliza, "Ustadhi, na simba wa baba?" tumjibu nini? Simba wale si urithi wa mtu. Baba mwenyewe ndiye aliyemlipa fundi, na akiwaondoa kesho hakuna atakayedhulumiwa.